Semmelweis, mganga aliyeokoa wamama wa Vienna kisha akakosa kazi

Wakaaji wa Beni na Butembo wanakumbuka vizuri zile ndoo za maji yenye klori kwenye milango ya hospitali, makanisa na ofisi wakati wa Ebola, kati ya mwaka wa 2018 na 2020. Miaka zaidi ya 170 mbele ya hapo, katika mji wa Vienna, inchini Austria, mganga kijana aliweka beseni la maji kama hayo katika maternite alimofanya kazi. Vifo vya wamama vilishuka mara moja. Hata miaka miwili haikuisha, mkataba wake ukakatika.

Ignaz Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 huko Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Alianza kusoma sheria, kisha akageukia uganga. Mwezi wa saba mwaka wa 1846 akapata nafasi ya asistenti wa Profesa Johann Klein, mkubwa wa maternite ya kwanza ya hospitali kuu ya Vienna. Nafasi hiyo ilikuwa ya miaka miwili, na bila kibali cha wakubwa haikuongezwa.

Hospitali hiyo ilikuwa na maternite mbili. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa uganga, ya pili ilifundisha wakunga. Mwaka wa 1846, wamama 459 walikufa katika ya kwanza, kati ya 4010 waliojifungulia humo. Katika ya pili walikufa 105 kati ya 3754. Mji mzima ulijua. Wenye mimba walilia na kuomba wasipelekwe upande wa kwanza, na kuna waliochagua kuzalia njiani. Ugonjwa uliowaua uliitwa homa ya uzazi. Wakubwa walisema inatoka kwa hewa mbaya, na jambo likaishia hapo.

Semmelweis hakukubali, kwani hewa ilikuwa ile ile pande zote mbili. Jibu lilimjia kwa uchungu. Mwezi wa tatu 1847, rafiki yake Profesa Jakob Kolletschka alikufa baada ya kuchomwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Ndani ya mwili wake walikuta alama zile zile za wamama waliokufa kwa homa. Semmelweis akaelewa: waganga na wanafunzi walitoka asubuhi kupasua maiti, kisha wakaenda kupima wamama kwa mikono ile ile. Wakunga hawakugusa maiti. Yeye mwenyewe alikuwa amepasua maiti nyingi kuliko wengi, na jambo hilo lilimtesa hadi mwisho wa maisha yake.

Katikati ya mwezi wa tano akatoa amri: hakuna kuingia bila kunawa mikono katika maji ya klori. Wanafunzi walinungunika, maana dawa hiyo iliwachoma ngozi. Mwezi wa nne, wamama zaidi ya 18 kwa mia walikuwa wamekufa. Mwezi wa sita walikuwa 2 kwa mia. Mwaka wa 1848 kulikuwa na miezi miwili bila kifo hata kimoja cha homa hiyo.

Katika kazi yoyote, mtu angefikiri kwamba mkubwa angefurahi. Lakini Klein ndiye aliyeanza, mwaka wa 1823, kufundishia wanafunzi juu ya maiti, na vifo viliongezeka chini ya uongozi wake. Kukubali maneno ya asistenti kulikuwa kukubali hesabu ya makaburi ya zaidi ya miaka 20. Profesa Skoda, aliyemuunga Semmelweis mkono, alipoomba tume ichunguze hesabu hizo, Klein alipinga na tume haikufanya kazi. Mwezi wa tatu 1849 Semmelweis aliomba aongezewe miaka miwili. Alinyimwa, na nafasi ikapewa Carl Braun. Baadaye Braun aliandika sababu 30 za homa ya uzazi. Ile ya maiti aliiweka ya 28.

Semmelweis naye alikuwa na kosa lake. Rafiki zake walimsukuma aandike, yeye akakawia. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1861 tu, miaka 14 baada ya beseni la kwanza. Mwaka wa 1850 alipewa ruhusa ya kufundisha, lakini kwa sanamu tu, bila maiti. Alikasirika, akaondoka Vienna ndani ya siku chache bila kuwaaga hata wale waliomtetea.

Kwao, katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, alipewa kuongoza maternite bila mshahara. Humo alikuwa mkubwa mwenyewe, na amri yake ilifuatwa. Kwa karibu miaka sita, homa iliua wamama 8 tu kati ya 933. Mwaka wa 1855 akawa profesa.

Lakini waganga wengi wa Ulaya waliendelea kumkataa. Akaanza kuwaandikia barua za wazi na kuwaita wauaji, jambo lililozidi kuwafukuza. Akili yake ikaanza kuyumba. Mwezi wa saba 1865 alipelekwa kwa ujanja katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Alipotaka kutoka, walinzi walimpiga. Tarehe 13 Agosti alikufa kwa kidonda kilichooza na kusambaza sumu katika damu, karibu sawa na wamama aliowapigania. Alikuwa na miaka 47. Watu wachache tu walifika kwenye maziko.

Tangu mwaka wa 1969, chuo kikuu cha uganga cha Budapest kinaitwa kwa jina lake.