Alessandro Volta, Mzee Aliyetupa Betri

Sote tulikutana na neno volti katika somo la fizikia, tukalikariri, tukafanya mtihani, basi. Lakini siku hizi hapa Kitengela neno hilo limeingia hadi jikoni. Stima ikipotea, kuna majirani wanaotoa sanduku la betri lenye mkono wa kushikia kama ndoo na soketi ubavuni, wanachomeka TV na maisha yanaendelea. Sanduku hilo huchajiwa kwa stima au kwa sola. Je, mnajua kwamba volti limetokana na jina la mtu? Tegeni masikio niwasimulie.

Alessandro Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 katika mji wa Como, kaskazini mwa Italia. Inasimuliwa kwamba alikawia kusema hadi alipofika miaka minne, na jamaa zake wakadhani mtoto ana kasoro. Kumbe alikuwa kobe, apigaye hatua pole pole na kufika! Baba yake alifariki Alessandro akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa waliotaka asomee sheria. Yeye roho yake ilikuwa kwenye umeme. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa tayari anaandikiana barua na wanasayansi wakubwa.

Mwaka 1776 alikwenda kwenye matope ya Ziwa Maggiore, akayakoroga kwa fimbo na kukusanya mapovu yaliyopanda. Hewa ile ilikuwa methani, nayo iliwaka moto. Ndiyo gesi ile ile ambayo mfugaji wa Kajiado anaweza kuipata kwa samadi ya ng'ombe wake akapikia chai. Mwaka 1778 Volta aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pavia, akafundisha huko miaka mingi.

Sasa hapa ndipo palipo utamu. Mwaka 1791 msomi mwenzake wa Bologna, Luigi Galvani, alichapisha habari za ajabu: mguu wa chura aliyekufa ukiguswa na metali mbili tofauti, unarusha teke! Galvani aliamini kwamba umeme umo ndani ya mnyama. Volta alimsifu, kisha akaanza kuwa na shaka. Aliweka metali mbili kwenye ulimi wake mwenyewe, akaziunganisha, akasikia ladha kali. Akawaza kwamba umeme unatokana na metali zile mbili pamoja na umajimaji ulio kati yake, naye chura anautangaza tu. Wasomi wakagawanyika pande mbili, huyu kwa Galvani, yule kwa Volta.

Volta hakumaliza ubishi kwa mdomo. Alichukua visahani vya fedha au shaba na vya zinki, akavipanga kimoja juu ya kingine kama chapati, na kati ya kila jozi akaweka karatasi ngumu iliyolowa maji ya chumvi. Chura hakuwemo kabisa, lakini umeme ukapita, tena mfululizo. Jozi zikiongezwa, nguvu inaongezeka. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kuitangaza habari hiyo kwa Chama cha Kifalme cha Sayansi jijini London. Hiyo ndiyo iliyokuwa betri ya kwanza. Galvani hakuiona, maana alikuwa amefariki mwaka 1798. Hata hivyo hakukosea kabisa: baadaye iligunduliwa kwamba neva na misuli ya viumbe hutumia umeme kweli.

Mwaka 1801 Volta alimwonyesha Napoleon betri yake mjini Paris, na mwaka 1810 akapewa cheo cha ukabaila. Alifariki tarehe 5 Machi 1827 akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka 1881 mkutano wa wataalamu wa umeme mjini Paris uliidhinisha jina volti kwa heshima yake.

Betri yake ilikuwa na udhaifu: maji yalikauka, metali zikalika, na haikuweza kuchajiwa. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya risasi inayochajika mwaka 1859, ndugu wa zile zilizo ndani ya matatu. Za ioni za lithiamu, za kuchaji, zilianza kuuzwa mwaka 1991, na ndizo zilizomo katika masanduku mengi ya siku hizi.

Mtaniuliza, mzee huyu anatuhusu nini? Kwetu anatuhusu sana. Mama anauza maziwa, na stima ikipotea usiku mzima yanaganda na karo yangu inaingia mashakani. Alipotaka kununua sanduku hilo, baba alikataa, kwani aliona la jirani likizima papo hapo lilipochomekwa birika la umeme. Akasema ni uongo mtupu. Ubishi ukawaka nyumbani kama wa Pavia na Bologna.

Mimi nikachukua kalamu. Sanduku lile limeandikwa wati 500, nalo huhifadhi wati-saa 600. Birika linadai wati 2,000, kwa hiyo lilijizima ili lisiungue. Friji yetu ikiwaka hula kama wati 100. Gawa 600 kwa 100, upate saa 6. Nguvu kidogo hupotea njiani katika kugeuza umeme wa betri uwe volti 240, lakini friji nayo hupumzika mara kwa mara. Kisha tuliliazima na kulijaribu kwa friji peke yake, kuanzia magharibi hadi saa sita usiku. Maziwa yalikuwa baridi. Baba hakusema neno, ila kesho yake alimuuliza mama bei.

Wenzangu, Volta hakuwa na sauti kubwa kuliko wenzake. Alipima, nasi tunaweza kupima. Kuuliza si ujinga.