Siti binti Saad: Utoto Usio na Ala

Wahenga walituusia kuwa udongo huwahiwa ungali maji. Usia huo unamfaa mfinyanzi, na unamfaa pia anayemfundisha mtoto kupiga ala ya muziki, kwani vidole vikishakomaa ni vigumu kuvizoeza nyuzi. Hata hivyo, maisha ya Siti binti Saad yanatulazimu kuutafakari upya. Alizaliwa miongoni mwa wafinyanzi, lakini kwa upande wa muziki hakuna aliyeuwahi udongo wake.

Siti alizaliwa takriban mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa wa tabaka la watumwa. Jina alilopewa utotoni, Mtumwa, latosha kuonyesha mahali alipowekwa na jamii. Sheria ya kuukomesha utumwa Unguja ilikuja mwaka wa 1897, naye tayari ni msichana mkubwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye hadhi, alilipata baadaye.

Hakupelekwa shuleni. Katika utoto wake kazi na mchezo havikutengana: alijifunza kufinyanga vyungu, kisha akavibeba na kwenda kuvitembeza mjini. Aliwaita wanunuzi kwa kunadi, na husimuliwa kuwa sauti yake ilitambulika kabla mwenyewe hajaonekana. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mafunzo yake ya uimbaji, ingawa hakuna aliyeyaita mafunzo.

Si kwamba ala hazikuwapo kisiwani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, na alimtuma Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Kutoka Fumba hadi kasri ya Sultani palifikika kwa miguu, lakini kwa hadhi palikuwa mbali mno. Kati ya mtoto huyu na udi au kanuni zilisimama kuta tatu: utumwa wa wazazi wake, uanauke wake, na lugha ya Kiarabu iliyotawala muziki huo. Kwa hiyo, fursa aliyoikosa haikupotezwa na uvivu wala uchache wa kipawa. Haikuletwa mlangoni kwake hata akaikataa.

Alihamia mjini mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Huko alikutana na mwanamuziki aliyeitambua sauti yake, akamfundisha. Hatimaye aliimba akizungukwa na mafundi wa udi, fidla na ala nyinginezo, wakiwemo Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam. Mwaka wa 1928 walisafiri hadi Bombay, nchini India, wakarekodi nyimbo kwenye santuri. Siti akawa miongoni mwa sauti za kwanza za wanawake wa Afrika Mashariki kunaswa katika sahani hizo, na makumi ya maelfu ya santuri za Kiswahili yakauzwa katika miaka michache iliyofuata.

Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi ni lugha. Siti aliing'arisha taarabu ya Kiswahili, akaingiza humo habari za watu wa kawaida. Wimbo wake wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke mgeni na upungufu wa haki mahakamani. Yaliyokuwa burudani ya kasri yakawa sauti ya mitaa ya Ng'ambo.

Siti alifariki mwaka wa 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo kwa kumsikiliza, aliziimba hadi alipofariki mwaka wa 2013. Bi Kidude alipiga pia ngoma ya msondo, akawa mwanamke mwenye sauti na ala pamoja.

Tusiufanye ushindi wa Siti kuwa hoja ya kuhalalisha aliyonyimwa. Mmoja alipenya, wangapi walibaki na vyungu vyao vichwani, sauti zikaishia njiani? Sisi tunaotafiti fasihi kwa kalamu na vitabu tusisahau kwamba kalamu nayo ni ala, na si wote waliokabidhiwa. Basi tunapohesabu washairi wa Kiswahili, tuwahesabu na wale ambao tungo zao zilihifadhiwa kooni.