Ibn al-Nafis: Faqihi wa Kishafii aliyelikana tundu la Galen

Vijana niliowafundisha Maarifa ya Uislamu, wakishaingia vyuo vya uuguzi, huniletea lalamiko moja. Somo linalowatesa ni patofiziolojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyovuruga kazi za kawaida za mwili. Wanakariri dalili bila kujua zinatoka wapi, mtihani ukipita zimeshapotea. Na wapo wanaojiuliza, baada ya kulishwa maneno hayo na baadhi ya wakubwa zao, kama kuna thawabu yoyote katika kujua damu inapita wapi. Mimi siwapi hotuba. Nawasimulia habari za Ibn al-Nafis.

Jina lake ni Alauddin Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi. Alizaliwa Sham mnamo mwaka 1210 hivi, akasomea utabibu Damascus katika hospitali ya al-Nuri, iliyoasisiwa na Nuruddin Zengi katika karne ya 12. Baadaye alihamia Cairo, akafikia kuwa mkuu wa matabibu wa Misri na tabibu wa Sultani Baybars. Lakini hakuwa tabibu tu. Alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imam Shafii, madhehebu tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, na alisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Aliandika juu ya sira ya Mtume (S.A.W.) na juu ya misingi ya elimu ya hadithi. Kwake yeye hapakuwa na ukuta kati ya msikiti na wodi.

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya akumbukwe. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliyesema kwamba damu hutoka chumba cha kulia cha moyo na kuingia cha kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta uliopo katikati. Ibn Sina, kwa ukubwa wake wote, aliyabeba mafundisho hayo katika kitabu chake cha Qanun. Ibn al-Nafis alikiandikia sharhe sehemu ya Qanun inayohusu maumbile ya mwili, na nakala ya sharhe hiyo ina tarehe ya mwaka 640 Hijria, sawa na 1242. Humo alisema kinyume. Ukuta ule ni mnene na umeshikana, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Basi damu haina njia nyingine ila kutoka chumba cha kulia, kwenda mapafuni, kuchanganyika na hewa, kisha kurudi chumba cha kushoto. Akaongeza kuwa moyo wenyewe unalishwa na mishipa iliyoenea katika nyama yake.

Alijuaje? Yeye mwenyewe ameandika kwamba sheria na huruma vilimzuia kupasua miili. Wapo watafiti wasioamini, wanaosema lazima alipasua. Mimi naichukua kauli ya faqihi kama alivyoiandika.

Tusimzidishie pia. Bado alizungumza juu ya roho inayotengenezwa ndani ya moyo, kama wenzake wa zama zile, na mzunguko wa damu ya mwili mzima ulielezwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Vimishipa vyembamba vinavyounganisha njia mbili za mapafuni, ambavyo Ibn al-Nafis alisema lazima viwepo, vilionekana kwa darubini mwaka 1661 na Malpighi wa Italia.

Lakini mwanafunzi wa uuguzi akiishika njia ile moja tu, kulia, mapafuni, kushoto, zile dalili alizokuwa anazikariri zinaanza kujipanga zenyewe. Upande wa kushoto wa moyo ukichoka, damu inayotoka mapafuni inakwama nyuma yake, maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa, na mgonjwa hawezi kulala chali, anaamka usiku akitafuta pumzi. Muuguzi anayeijua njia atamkalisha na kumwekea mito mgongoni huku akimwita daktari. Upande wa kulia ukichoka, damu inakwama mwilini, ndipo miguu inavimba, ini linajaa na mishipa ya shingo inatutumka. Donge la damu lililoganda mguuni likichomoka, kituo chake ni mapafu. Ndiyo maana mtu aliyelala kitandani siku nyingi akibanwa na pumzi ghafla, muuguzi mwenye akili huita msaada mara moja, na huuangalia mguu pia.

Na lile tundu la Galen? Lipo, lakini ni ugonjwa. Wapo watoto wanaozaliwa na tundu katika ukuta ule. Kwa kuwa upande wa kushoto husukuma kwa nguvu zaidi, damu hurudi kulia na kuyalemea mapafu. Tundu likiwa kubwa, mtoto anapumua haraka haraka, anatoka jasho akinyonya, anaachia titi kabla hajashiba, na uzito hauongezeki. Mitaani kwetu mtoto wa namna hii huambiwa amepatwa na kijicho. Atazungushwa kwa makombe na hirizi miezi na miezi, na kila mwezi unaopita mapafu yanazidi kuumia. Sipingi kumsomea mtoto Qur'an, ni jambo jema, na linafanyika vizuri tu hata kwenye benchi la kliniki. Ninachopinga ni kumficha nyumbani. Mara nyingi wa kwanza kumgundua si daktari bingwa, ni muuguzi wa zahanati anayepima uzito, ikiwa anaelewa anachokiona.

Wasimulizi wanasema siku moja Ibn al-Nafis alikuwa hamamu anaoga, likamjia jambo kuhusu mapigo ya mshipa. Akatoka, akaagiza wino na karatasi, akaandika risala nzima mpaka mwisho, kisha akarudi kumalizia kuoga. Alianza pia kamusi kubwa ya utabibu aliyokusudia ifike mijalada 300, alifikisha 80.

Alifariki Cairo mwezi wa Dhulqaada mwaka 687 Hijria, Desemba 1288. Katika maradhi yake ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, hakutaka kukutana na Mola wake tumboni mna pombe. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya al-Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun na kukamilika mwaka 1284.

Ama ile sharhe, sisi tunaopenda kujigamba kwamba Waislamu waliwatangulia Wazungu tuikumbuke vizuri. Muhtasari wake wa Qanun ulisomwa sana, lakini maneno yale kuhusu moyo na mapafu yalisahauliwa hata na wenyewe. Mwaka 1924 Mmisri mmoja, Muhyiddin al-Tatawi, akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani, alikuta nakala yake katika maktaba ya Berlin na kuiandikia tasnifu. Tasnifu hiyo nayo haikuchapishwa. Aliyezieneza habari zake katika miaka ya 1930 alikuwa Max Meyerhof, daktari wa macho wa Kijerumani, ambaye wakati huo alikuwa anaishi Cairo.