Masamune, mfua panga wa Japani

Japani ni nchi ya visiwa, mbali sana upande wa mashariki, ng'ambo ya Uchina. Zamani mji wa Kamakura ulikuwa makao ya jemadari mkuu wa nchi ile. Huko, mwishoni mwa karne ya 13, aliishi mfua chuma jina lake Masamune. Inasemwa kwamba alifundishwa kazi na fundi Kunimitsu.

Siku zile Wajapani walikuwa na hofu. Mwaka 1274, na tena mwaka 1281, Wamongoli walivuka bahari na merikebu nyingi ili wateke nchi. Mara ya pili dhoruba kali ilizivunja merikebu zao. Lakini watu waliogopa kwamba watarudi, na askari walitaka panga imara. Basi, hapo ndipo penye taabu ya mfua chuma. Chuma kigumu hukata vizuri, lakini huvunjika kama chungu. Chuma laini hakivunjiki, lakini hupindika, na makali yake huisha upesi. Upanga mmoja utawezaje kuwa mgumu na laini pamoja?

Chuma cha Wajapani kilitoka katika mchanga mweusi. Waliuchoma mchanga ule pamoja na makaa katika tanuru ya udongo, siku tatu mchana na usiku, kisha wakaibomoa tanuru ili kukitoa chuma. Mfua panga alitia kipande motoni, akakiponda kwa nyundo, akakikunja kama mtu akunjavyo nguo, akakiponda tena. Kila mara tabaka ziliongezeka: 2, 4, 8, 16. Akikunja mara 10, tabaka ni 1,024. Hesabuni wenyewe! Taka zilitoka pamoja na cheche, chuma kikawa safi.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyotia hofu. Fundi aliupaka upanga udongo: mgongoni mwingi, kwenye makali kidogo tu. Alifanya kazi gizani, maana penye mwanga mwingi jicho haliwezi kupima vema rangi ya chuma kilicho motoni. Upanga ulipokuwa mwekundu sawasawa, aliutumbukiza majini. Makali yalipoa mara moja, yakawa magumu sana. Mgongo uliofunikwa na udongo ulipoa polepole, ukabaki laini. Hapo upanga ulijipinda wenyewe kama upinde. Lakini pengine ulipasuka majini, na kazi ya siku nyingi ikapotea.

Katika kazi hii Masamune aliwapita wenzake. Kando ya makali ya panga zake huonekana chembe ndogo zing'aazo kama nyota. Tena, ni mara chache sana alipoandika jina lake juu ya chuma. Wenye kuzijua panga waliitambua kazi yake kwa kuitazama tu.

Wajapani husimulia kwamba alishindana na mfua panga mwingine, Muramasa. Panga mbili zilisimamishwa katika kijito. Upanga wa Muramasa ulikata kila kitu kilichopita, majani na samaki pia. Upanga wa Masamune haukukata hata samaki mmoja. Majani yaliuzunguka yakapita salama. Muramasa alicheka. Lakini mtawa mmoja aliyekuwa akitazama alimpa Masamune ushindi, kwa sababu upanga wake haukumwaga damu isiyo na kosa. Hiyo ni hadithi tu. Muramasa aliishi karibu miaka 200 baadaye, nao hawakuonana kamwe.

Mwaka 1719 jemadari mkuu Yoshimune aliamuru panga bora za nchi ziandikwe katika kitabu, na za Masamune zilikuwamo nyingi. Mmoja, uitwao Honjo, ulirithiwa muda mrefu katika jamaa ya Tokugawa. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, watu waliamriwa kutoa silaha zao. Jamaa ile ilitii, ikaupeleka upanga wake kwa polisi mjini Tokyo. Tangu hapo haujulikani ulipo.