Elijah Masinde: Mchezaji Boli Aliyefungiwa Mathari

Ukitaja Elijah Masinde, wengi wanakumbuka tu nabii wa Wabukusu kule Bungoma. Lakini huyu buda alianza kuwika na boli. Alizaliwa Kimilili karibu mwaka wa 1910, na 1930 alivaa jezi ya Kenya dhidi ya Uganda kwenye Gossage Cup.

Miaka ya 40 akaachana na kanisa la wamishenari, akawa kinara wa Dini ya Msambwa. Ujumbe wake ulikuwa ngori kwa serikali: watu warudie mila za mababu, Wazungu warudi kwao. Karao wakamdaka. Mwaka wa 1945 akapelekwa Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mkubwa wa Mathari enzi hizo alikuwa J. C. Carothers. Huyu daktari baadaye aliandika ati Mwafrika hutumia sehemu ya mbele ya ubongo kidogo kuliko Mzungu. Mau Mau ilipochacha, aliandikia serikali kijitabu kizima, 1954, akiigeuza vita ya mashamba kuwa shida ya akili.

Masinde alitoka 1947 na hakukaa kitako. Alirudi kwa watu wake, moto ule ule. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi huko Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde akasakwa, akashikwa, akaletwa huku kwetu Pwani, kifungoni Lamu. Hata baada ya uhuru, serikali ya Kenyatta ilimrudisha ndani. Alifariki 1987.

Sasa cheki hii. Msee ambaye Mathari haikumzimia moto aliitwa mwendawazimu. Lakini huku Likoni, Kisauni na Changamwe, kuna vijana ambao moto wao umezimwa na ugonjwa wenyewe, na sisi tunawaita wavivu.

Skizofrenia si sauti tu za kuskia peke yako. Ubongo una kemikali inaitwa dopamini, na moja ya kazi zake ni kukupigia hesabu: hii kitu inalipa, amka uifuate. Kwa wagonjwa wengi hesabu hiyo huenda kombo. Si ati hawaskii raha. Mpe mahamri moto na mbaazi, atafurahia kama wewe. Shida iko kabla ya hapo: kuiona hiyo raha ikiwa bado mbali, na kuamua inafaa jasho la kuamka, kuoga na kutoka. Ndio maana chali aliyekuwa fundi wa boli anaweza kulala siku nzima uwanja ukiwa nyuma ya nyumba.

Dawa husaidia zaidi zile sauti kuliko huu uzito. Kwa hivyo kumtukana hakumwamshi, na kumpeleka tu kupungwa jini kunampotezea muda. Mpeleke Port Reitz, pale Changamwe, kuna huduma za akili. Halafu usimngoje uwanjani, mpitie nyumbani. Mshikie viatu, mwende pamoja, hata kama ni dakika kumi.

Jina baya walimpa Masinde makusudi, wamnyamazishe. Sisi tunawapa maboi wetu bila kujua. Kuna nani mtaani kwako ameitwa mvivu na hujawahi kumpitia?