Byron Nelson: Daftari lilimpa mataji 18 kwa mwaka mmoja

MWISHO wa mwaka 1944, Byron Nelson hakuwa na sababu ya kuumiza kichwa. Alikuwa ameongoza kwa kuvuna fedha kwenye gofu ya kulipwa Marekani, makombe yamejaa, na waandishi wa habari wa huko walikuwa wamemchagua mwanamichezo bora wa mwaka kwa wanaume.

Mwingine angetundika fimbo, akala zake sikukuu na kusubiri Januari. Nelson akafungua daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida tu. Kwa miaka mingi alikuwa na mazoea ya kuandika alivyocheza, wapi alipatia na wapi aliboronga. Safari hii aliamua kulipitia lote. Kwa lugha ya soka, ni kama timu bingwa kukaa chini na kurudia mikanda ya mechi ilizoshinda, ikitafuta makosa.

ALIANZA NA KUBEBA FIMBO

Nelson alizaliwa Februari 4, 1912 karibu na mji wa Waxahachie, Texas, kwenye familia ya wakulima wa pamba. Baadaye walihamia Fort Worth, na akiwa bado dogo akapata kibarua cha kubeba fimbo za wachezaji kwenye klabu ya Glen Garden.

Hapo hapo alikuwepo dogo mwingine wa rika lake, Ben Hogan, ambaye naye alikuja kuwa gwiji. Mwaka 1927 wawili hao walitoshana nguvu kwenye shindano la Krismasi la wabeba fimbo. Wakaongezewa mashimo, Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja.

Aligeukia gofu ya kulipwa mwaka 1932, wakati uchumi wa Marekani uko hoi. Hela ilikuwa ya tabu. Mkewe, Louise, aliwahi kumweka kitako baada ya kuona kila mara ananunua fimbo mpya ya mpira wa kwanza, huku yeye hana hata gauni jipya. Alimwambia ama hajui fimbo anayoitaka, ama tatizo si fimbo. Ujumbe ulifika.

Mataji makubwa yakaanza kuingia: Masters mwaka 1937, US Open 1939, PGA 1940, kisha Masters tena 1942. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi lilimwacha kwa sababu damu yake ilikuwa inachelewa kuganda.

MAMBO MAWILI TU

Sasa turudi kwenye daftari. Kurasa zile zilimwonyesha makosa mawili yanayojirudia. La kwanza, mipira mifupi ya kusogeza karibu na shimo haikuwa mizuri. La pili, kuna mikwaju aliyopiga kizembe, akili ikiwa haipo.

Hakugusa kitu kingine. Staili yake ya kupiga aliiacha vilevile, ila alipania kuyamaliza hayo mawili mwaka 1945.

Na alikuwa na sababu. Nelson alitaka ranchi yake mwenyewe ya ng'ombe, tena ya kulipia taslimu, maana maisha ya dhiki alikuwa anayajua. Kila mkwaju uliookolewa ulikuwa kipande cha ardhi.

Kilichofuata kilikuwa balaa. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Agosti 1945 alishinda mashindano 11 mfululizo, likiwemo la PGA. Aliyekuja kumsimamisha ni Fred Haas, mchezaji wa ridhaa, huko Memphis. Hadi mwaka unaisha, Nelson alikuwa na mataji 18 na wastani wa mikwaju 68.33 kwa raundi.

Wapo wanaosema vita ilimsaidia kwa vile wapinzani walikuwa jeshini. Hoja ina uzito kiasi, lakini Hogan na Sam Snead nao walicheza mwaka huo na kubeba mataji. Na mikwaju 68 haihesabiwi kwa kumwangalia mpinzani. Mtu anahesabu yake.

AKAONDOKA MAPEMA

Agosti 1946, akiwa na miaka 34 tu, Nelson aliachana na mzunguko wa mashindano. Ranchi ilishapatikana, huko Roanoke, Texas. Akawa anafuga, anacheza mara mojamoja, na baadaye akawanoa vijana kama Ken Venturi na Tom Watson.

Alifariki Septemba 26, 2006 akiwa na miaka 94, hapo hapo kwenye ranchi yake, wakati joto la Texas linaanza kupungua na majani yanakaribia kupukutika. Rekodi yake ya ushindi 11 mfululizo hadi leo haijaguswa.