SHAABAN ROBERT: KARANI, MSWADA NA NJIA NDEFU YA KUSOMWA

Mnamo mwaka wa 1926 kijana mmoja aliyetoka kuhitimu shule mjini Dar es Salaam aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Pangani, mji mdogo wa pwani uliojengwa penye mlango wa mto. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika: hesabu za shehena, majina ya vyombo, ushuru uliolipwa na ushuru uliobaki. Kwa takriban miaka 18 kijana huyo alijaza madaftari ya serikali ya kikoloni, na hakuna anayeyakumbuka madaftari hayo leo. Kinachokumbukwa ni yale aliyoyaandika baada ya saa za kazi.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari mwaka wa 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyao, ila yeye alikulia katika lugha na ada za Waswahili wa Tanga, na dini yake ilikuwa Uislamu licha ya jina la babake ambalo hadi leo huwakanganya wanafunzi wengi. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1926, na katika watahiniwa 11 waliofuzu cheti cha kumaliza shule, yeye alikuwa wa pili. Masomo rasmi yaliishia hapo. Hakuingia chuo kikuu; wala hakikuwepo chuo kikuu cha kuingia katika Tanganyika ya siku hizo. Jambo hili lafaa kutajwa mapema kwa sababu wahakiki wamezoea kumvika joho la falsafa kana kwamba alizaliwa nalo. Ukweli ni kwamba alikuwa karani mwenye elimu ya shule tu, na lugha aliyokuja kusifiwa kwayo aliifuma mwenyewe, polepole, kwa kuiandika.

Mahali pa kwanza pa kujifunzia palikuwa gazeti. Mambo Leo lilianzishwa na Idara ya Elimu mwaka wa 1923 na lilitoka kila mwezi. Lilikuwa gazeti la serikali lenye mipaka yake yote, lakini lilikuwa na kurasa zilizopokea barua na mashairi ya wasomaji. Katika miaka ya 1930 jina la Shaaban Robert lilianza kuonekana humo. Thamani ya kurasa hizo kwa mtunzi chipukizi haikuwa umaarufu peke yake. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vya kati na vina vya mwisho, na kituo kinachofunga ubeti. Msomaji wa pwani aliyekuta mshororo wenye mizani kumi na tano hakuhitaji shahada ili kuling'amua kosa. Sikio lake lilimwambia. Aliyetuma utungo wake kwa hadhira ya namna hiyo alikuwa akifanya mtihani kila mwezi mbele ya walimu asiowajua. Nidhamu hiyo haikumtoka Shaaban hata alipoandika nathari. Sentensi zake za hadithi mara nyingi huwa na pande mbili zinazolingana kama mizani ya duka, upande huu ukitoa sifa na upande ule ukitoa kinyume chake. Kuna wanaoiona tabia hiyo kuwa mzigo, na katika baadhi ya sura ni mzigo kweli. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mwandishi wa nathari ya Kiswahili wa kizazi chake ambaye sentensi yake yaweza kutambulika bila jina kutajwa.

Mwaka wa 1944 alihamishwa kutoka forodha hadi idara iliyohusika na wanyama, na kutoka 1946 akawa katika ofisi ya jimbo mjini Tanga, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi kuanzia 1952 hadi alipostaafu mwaka wa 1960. Yaani vitabu vyote alivyovitoa wakati huo viliandikwa na mtu aliyekuwa na kazi ya mchana na familia ya kulisha. Alioa mara tatu. Kifo cha mkewe wa kwanza, Amina, kilizaa shairi la maombolezo ambalo limekuwa miongoni mwa tungo zake zinazosomwa zaidi. Watoto nao waliandikiwa tenzi mbili ndefu za mawaidha, moja ya binti na nyingine ya mwana, ambazo aliziingiza katika tawasifu yake, Maisha Yangu, iliyotolewa mwaka wa 1949. Huo ulikuwa uzoefu wake: kilichompata nyumbani kilipelekwa mezani kabla hakijapoa, kisha kikawekwa katika umbo ambalo mgeni angeweza kulisoma bila kujua habari za nyumba hiyo.

Vita Vikuu vya Pili vilipopiganwa, karani huyo aliyekuwa mbali na medani aliamua kuvitungia utenzi. Utenzi wa Vita vya Uhuru una takriban beti 3,000. Mtu hatungi beti 3,000 kwa kungojea siku ya msisimko. Hutunga beti chache leo, chache kesho, na huendelea hata siku ambayo ofisi imemchosha. Wasomaji wa leo huupita utenzi huo kwa haraka, na pengine wana haki, kwa kuwa una sehemu zinazoorodhesha matukio kama ripoti. Lakini kama zoezi la kuifanya lugha ibebe majina ya nchi za mbali, zana za kivita na siasa za mataifa bila kuvunja arudhi, zipo kazi chache za kulinganisha nao.

Kuandika lilikuwa jambo moja. Kuchapishwa lilikuwa jambo jingine kabisa. Mwaka wa 1930 ilikuwa imeundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusimamia Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Kitabu kilichotarajiwa kuingia shuleni kilipaswa kupata kibali chake, na soko la shule ndilo lililokuwa soko la pekee la maana. Wachapishaji walikuwa London. Mwandishi Mwafrika aliyekuwa Tanga aliweka mswada wake katika bahasha, akaukabidhi posta, na kuanzia hapo mambo yakawa mikononi mwa watu wengine. Shaaban Robert hakutegemea mlango mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mkusanyiko wake wa Pambo la Lugha ulichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya sokoni wala ya nyumbani. Chuo hicho kilikuwa na mfululizo wa vitabu vya fasihi ya lugha za Kibantu, na ni katika mfululizo huo ambapo Diwani ya Muyaka ilikuwa imetolewa mwaka wa 1940 kwa juhudi za William Hichens. Kwa hiyo mashairi ya gwiji wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa na insha za karani wa Tanga zilipata makao katika nyumba moja, kusini kabisa mwa bara. Kazi nyingine zilikwenda Nelson, nyingine Macmillan. Baadaye akawa mjumbe katika Kamati yenyewe, na mhadhara wake kuhusu ushairi pamoja na wasifu alioandika ukapata nafasi katika kurasa za jarida lake. Aliyekuwa akingoja mlangoni aliishia kuketi barazani.

Mchapishaji huyo wa Johannesburg ndiye aliyetoa Kielezo cha Insha mwaka wa 1954, kitabu ambacho hakitajwi sana katika mihadhara ingawa kinastahili. Jina lake latangaza kusudi lake: ni vielelezo vya uandishi wa insha kwa wale wanaojifunza. Anayetafuta humo orodha ya kanuni atasikitika. Shaaban anafundisha kwa kuandika. Anachukua jambo, analiweka mbele ya msomaji, analigeuza upande huu na ule, kisha analiacha. Insha zake ni fupi. Mwalimu aliyezoea kudai kurasa sita kutoka kwa mwanafunzi angeshangaa kuona jinsi mwandishi huyu alivyoweza kukamilisha hoja katika ukurasa mmoja au miwili. Kasoro yake ni ile ile ya siku zote: mawaidha hayakosekani, na wakati mwingine hufika kabla ya hoja kuiva.

Katika hadithi ndimo mbinu zake za kusikilizwa zilipofikia kilele, maana humo alikuwa na jambo la kusema ambalo halikusemeka waziwazi. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka wa 1951, inasimulia habari za nchi inayoelea angani. Karama ameshtakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria, na katika kujitetea anasimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatiwa gerezani badala ya kushukuriwa. Hadithi imewekwa mbali kabisa na Tanganyika. Hakuna gavana, hakuna mkuu wa wilaya, hakuna Mwingereza hata mmoja. Hata hivyo, msomaji wa mwaka wa 1951 aliyewahi kunyimwa haki katika ofisi ya serikali hakuhitaji kufasiriwa. Kitabu kilichapishwa London, kikapita mikono ya watu wa himaya ile ile kiliyokuwa kikiisema, kikafika shuleni. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu Shaaban kwa kujificha nyuma ya mafumbo na kwa kumaliza mgogoro kwa huruma ya mfalme. Lawama hiyo ina uzito, lakini yafaa ipimwe pamoja na swali jingine: mswada uliotaja mambo kwa majina yake ungetoka wapi, na ungesomwa na nani?

Majina ya wahusika wake nayo ni sehemu ya ufundi huo. Majivuno, Adili, Hasidi, Mwivu, Utubora, Utubusara: kila jina ni hukumu. Mwandishi wa leo akiiga mtindo huo huonekana kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Wakati wa Shaaban, hadhira kubwa ilikuwa imelelewa na ngano, na yeye alianzia pale walipokuwa badala ya kudai kwamba wao wamfuate alipokuwa. Baadaye alisogea. Utubora Mkulima ina Unguja, ina mwajiri, ina mtu anayeacha kazi yenye mshahara mzuri ili akalime. Siku ya Watenzi Wote inasogea zaidi kuelekea mji na matatizo yake. Tofauti kati ya Adili na Nduguze ya mwaka wa 1952, yenye wafalme na watu waliogeuzwa manyani, na hadithi hizo mbili, ni ya mwandishi ambaye hakuridhika na kile kilichokwisha kumpa sifa.

Mwaka wa 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad. Siti, aliyefariki mwaka wa 1950, alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, akauza vyungu vya mamake, akaja kuwa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka wa 1928. Uteuzi wa mhusika unaeleza mengi. Shaaban angeweza kuchagua sultani au shehe. Alimchagua mwanamke maskini ambaye hakuwa na ukoo wa kujivunia wala elimu ya shule, na aliyesikika kwa sababu alichokuwa nacho alikinoa mpaka watu wakanyamaza. Ni vigumu kuusoma wasifu huo bila kuhisi kwamba karani alikuwa akisimulia njia aliyoifahamu.

Heshima zilikuja. Alitunukiwa nishani na tuzo ya ukumbusho ya Margaret Wrong, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya M.B.E. Lakini heshima na uchapishaji havikwenda kwa mwendo mmoja. Mswada wa Kufikirika ulikuwa tayari mwaka wa 1946, kabla ya Kusadikika kutoka. Ulibaki mswada mwaka wa 1951 nduguye alipochapishwa, ukabaki mswada Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka wa 1961. Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Vibambani. Kufikirika ilitolewa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka wa 1967, miaka 21 baada ya kuandikwa na mitano baada ya mwandishi kuzikwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka mwaka huo huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata mwaka wa 1968. Sehemu kubwa ya umaarufu wake, basi, ilijengwa na karatasi zilizosalia, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kukamilisha kazi na kuihifadhi hata pale ambapo hapakuwa na mchapishaji wa kuipokea.

Karatasi nyingine zilikuwa kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge. Kwa miaka mingi wawili hao waliandikiana kuhusu familia, kazi na uandishi, na Ulenge hakuzitupa barua alizopokea. Barua hizo, za kuanzia mwaka wa 1931 hadi 1958, zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2002.